Kadi Imekufa, au Waya Ndio Mkosaji?

“Simu za ghorofa ya juu zote kimya, za chini zinalia kama kawaida. Fundi kasema kadi imeungua. Ninunue nyingine?”

Wenye ofisi na nyumba za wageni za Mji Mkongwe huuliza swali hili kila masika yanapoingia, na wakati mwingine hata jua likiwa linawaka. Jibu langu halibadiliki: usinunue bado. Kadi ya swichibodi si kitu cha kuteremka Darajani ukakikuta rafuni. Mara nyingi huagizwa Dar es Salaam, ikavuka bahari kwa boti, na ikifika huenda ikawa ni mtumba uliochomolewa kwenye mashine nyingine. Ukishailipia kisha ikajulikana kosa halikuwa la kadi, fedha imekwenda na simu bado kimya.

Nimeona kadi nzima zikitupwa kwa kosa lisilo lao, na inaniuma, kwa sababu kumtambua mkosaji hakuhitaji maabara. Kunahitaji simu moja ya mezani unayojua ni nzima, mita ya kupimia umeme, karatasi, kalamu na subira. Hata kama hutaki kushika bisibisi mwenyewe, ukiijua njia utaweza kumuuliza fundi maswali ya maana, naye hatakujibu kwa kukadiria.

Kilichomo ndani ya kisanduku

Swichibodi, ambayo mafundi wengi huiita PABX, ni mashine inayogawa simu za ofisi. Upande mmoja zinaingia laini za nje, yaani zile za kampuni ya simu. Ukiwa Zanzibar, laini ya mezani ya TTCL utaijua kwa 024 yake. Upande wa pili zinatoka simu za ndani: mapokezi, uhasibu, jikoni, chumba namba 6. Mtu wa jikoni akimpigia mhasibu, simu haitoki nje ya jengo wala hailipiwi. Mtu wa nje akipiga, mashine inampeleka anakotakiwa.

Ukifungua mfuniko utakuta ubao mkuu, wenye akili ya mashine, na matundu marefu membamba. Kila tundu huchomekwa kadi, nayo ni bamba lililojaa vipande vidogo vya elektroniki. Kuna kadi za laini za nje na kuna kadi za simu za ndani. Ukingoni mwa kadi iko milango, yaani vitobo ambamo waya wa kila simu huingia. Panasonic KX-TES824, mashine ndogo ambayo mafundi wengi wa huku wanaijua, huanza na laini 3 za nje na simu 8 za ndani. Ukiiongezea kadi inafika laini 8 na simu 24. Ishike hiyo hesabu ya nane nane, tutaihitaji.

Vijana huuliza kwa nini ofisi hizi hazihamii zote kwenye simu za mkononi na wifi. Nenda kakae ndani ya nyumba ya Hurumzi au Shangani, utapata jibu. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake nusu mita au zaidi, na mawimbi ya wifi yakipenya kuta mbili za namna hiyo yanafika yamedhoofu. Kutoboa ovyo ili upitishe waya mpya nako si ruhusa: Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na ipo mamlaka maalumu inayosimamia uhifadhi wake. Ndiyo maana waya za shaba zilizopitishwa zamani bado zina thamani humu, na swichibodi pamoja nazo.

Anza na karatasi, si bisibisi

Kabla ya kugusa chochote, andika namba zote za simu za ndani, ya kwanza hadi ya mwisho, na mbele ya kila moja andika iko chumba gani. Kisha zunguka. Nyanyua kila simu, sikiliza kama kuna mlio, jaribu kupiga ya ndani, jaribu kupiga nje, tia alama. Usitosheke na kuuliza watu kama simu zao zinafanya kazi. Nyanyua mwenyewe, kwani mtu asiyetumia simu yake kwa wiki nzima atakujibu kwa habari ya wiki iliyopita.

Ukimaliza, itazame karatasi. Mpangilio wa simu zilizokufa ndio ushahidi wa kwanza, na mara nyingi ndio ulio bora kuliko wote:

- Simu moja tu kimya: shuku simu yenyewe, halafu waya wake, halafu mlango wake. Kadi nzima iache kwanza.
- Simu nane zinazofuatana kwa namba, mathalani 109 hadi 116, zimekufa kwa mpigo: hapo kadi ina kesi ya kujibu.
- Simu za upande mmoja wa jengo au ghorofa moja, na namba zao hazifuatani: waya, au boksi ambamo waya hugawanyika.
- Simu zote kimya: umeme unaoingia kwenye mashine, fyuzi, au ubao mkuu.
- Za ndani zinapigiana vizuri lakini nje hakwendeki: kadi ya laini za nje, au laini yenyewe ya kampuni ya simu.
- Mkwaruzo unaozidi mvua ikinyesha na kupungua jua likitoka: maji yameingia kwenye kiungo mahali fulani.

Sasa lirudie swali la mwanzo. Muulizaji anasema ghorofa ya juu imekufa. Lakini mashine haijui ghorofa. Mashine inajua tundu, kadi na mlango. Anayejua ghorofa ni waya, kwa sababu waya ndio uliopanda ngazi. Hitilafu inayofuata ramani ya jengo aghlabu ni ya waya, na inayofuata hesabu ya mashine aghlabu ni ya kadi. Mwenye kuushika msingi huu ameshaokoa kadi nyingi kabla hata hajafungua mfuniko.

Nyumba moja ya wageni huko Kiponda ilikuwa imeshaambiwa iagize kadi. Bi mkubwa wa mapokezi alinipokea akiwa amechoka na habari yenyewe.

“Mwanangu, tangu mvua ile kubwa juu hakuna simu. Wageni wanateremka ngazi zote hizi kuja kuomba taulo.”

“Pole sana bi mkubwa. Zilikatika kwa pamoja au moja moja?”

“Moja moja. Kwanza chumba cha pembeni, kisha jirani yake, mwisho zote.”

Tukaandika karatasi. Zilizokufa zilikuwa saba: 104, 105, 107, 111, 112, 118 na 120. Mashine yao ilikuwa na kadi tatu za nane nane, kwa hiyo simu hizo saba zilitawanyika kwenye kadi zote tatu, na kila kadi ilikuwa na simu nyingine zilizo hai. Hakuna radi inayochagua vyumba vya juu peke yake kutoka kadi tatu. Tukaufuata mkungu wa waya hadi darini, na huko tukakuta boksi la kugawia limepigiliwa chini ya bomba la tangi la maji, mfuniko umepinda. Ndani, viungo vilikuwa vimeota ukoko wa kijani, na katikati yake mjusi kafiri amekauka akiwa amelalia waya mbili. Tulikata ncha zilizooza, tukaunganisha upya, tukalihamisha boksi ukuta wa pili. Simu zote saba zikarudi, na kadi haikununuliwa.

Simu moja kwenye mlango wa kadi

Karatasi ikielekeza kwenye kadi, bado usiihukumu. Mpe kila mshukiwa nafasi ya kusikilizwa peke yake. Chomoa kutoka kwenye kadi waya unaokwenda chumbani, kisha chomeka hapo hapo ile simu yako nzima kwa waya mfupi. Sasa umeondoa jengo lote katika kesi: ngazi, dari, boksi, ukuta. Wamebaki wawili tu, kadi na simu unayoiamini.

Mlio ukisikika, kadi ni nzima na kosa liko nje yake. Mlio usiposikika, jaribu mlango wa pili, wa tatu, mpaka wa nane. Mlango mmoja ukiwa kimya na saba iko hai, kilichokufa ni mlango huo tu, na unaweza kumhamishia mwenye simu kwenye mlango mwingine ulio wazi. Minane yote ikiwa kimya, kesi ya kadi imekuwa nzito.

Kwa laini za nje fanya kinyume chake. Chomoa laini ya kampuni ya simu kutoka kwenye kadi, iunganishe moja kwa moja na simu yako. Ikiwa kimya hapo, au inakwaruza, swichibodi yako haina hatia. Piga simu kwa kampuni. Ikisikika safi lakini ndani ya mashine haifanyi kazi, basi itazame kadi ya laini za nje.

Kugawa kazi vipande na kupima kila kipande peke yake si jambo geni kisiwani hapa. Mwaka 1879 waya wa telegrafu ulilazwa baharini kutoka Aden hadi Zanzibar, ukaendelea Msumbiji hadi Durban, na ofisi yake ya Unguja ilikuwa Shangani. Jengo la mawasiliano la hapo leo ni sehemu ya hoteli ya Serena. Waya wa baharini ukikatika hakuna awezaye kuuvua wote na kuutazama. Mafundi wa waya hizo walipima kutoka nchi kavu jinsi waya ulivyokuwa ukiuzuia umeme, wakakokotoa umbali wa pale ulipokatika, na meli ikaenda karibu na mahali hapo. Meli ilikuwa ghali kuliko vipimo, kwa hiyo vipimo vilitangulia. Kwako wewe, kadi ndiyo iliyo ghali.

Kwa ufupi: tazama mpangilio wa zilizokufa, kisha tenganisha waya na kadi, kisha jaribu kila upande kwa simu unayoiamini. Mpaka hapa hujachomoa kadi yoyote wala hujazima umeme.

Hitilafu inahama au inabaki?

Mwalimu wa skuli akitaka kujua kama kelele ni za mtoto au ni za dawati bovu, humhamisha mtoto dawati jingine na kusikiliza. Kadi nayo hupimwa hivyo. Kama mashine yako ina kadi mbili za aina moja, zibadilishane matundu. Hitilafu ikihama pamoja na kadi, kadi ndiyo mbovu. Ikibaki kwenye tundu lile lile hali kadi ni nyingine, basi tundu au ubao mkuu ndio wenye maradhi, na kadi mpya isingekusaidia kitu.

Jaribio hili ndilo lenye nguvu kuliko yote, na ndilo linaloua kadi nyingi mikononi mwa wenye haraka. Kwanza nakili mipangilio ya mashine, yaani namba za ndani, nani anaruhusiwa kupiga nje, simu za nje zinaingia wapi. Katika mashine nyingi kongwe mipangilio hiyo hulindwa na betri ndogo juu ya ubao mkuu, na betri hiyo ikiwa imeishiwa, ukizima umeme kila kitu kinafutika. Nimeona ofisi iliyoanza na simu nane zilizokufa ikaishia na simu zote zisizojua namba zao.

Halafu zima mashine, chomoa plagi ukutani, na kama kuna betri za akiba zitenganishe nazo. Subiri dakika kadhaa, kwani ndani mna kapasita, vile vipande vya mviringo vinavyohifadhi umeme, na havijimalizi papo hapo. Gusa chuma cha mashine kabla ya kushika kadi, ili umeme tuli wa mwilini mwako ushukie hapo badala ya kwenye vipande vya kadi. Ishike kadi kingoni. Baadhi ya mashine kubwa huruhusu kadi kuchomolewa umeme ukiwa unawaka, lakini usikisie. Kama kitabu cha mashine hakisemi hivyo kwa maneno, zima.

Badilisha kitu kimoja tu, washa, jaribu, andika ulichokiona. Mafundi wawili wakibadilisha vitu vitatu kwa pamoja, hata simu zikirudi hakuna atakayejua kilichoziponya, na masika yajayo mtaanza upya.

Jambo moja la kuangalia: mashine nyingi hukumbuka kila tundu lina kadi ya aina gani. Ukihamishia kadi ya simu za ndani kwenye tundu lililozoea laini za nje, taa yake yaweza kuwaka nyekundu na kadi ikakataa kazi, wala si kwamba imekufa. Mashine inakuambia kwamba hicho sicho ilichokitarajia hapo. Rekebisha mipangilio ya tundu kwanza, ndipo uihukumu.

Mita inasemaje

Weka mita kwenye alama ya V yenye mstari mnyoofu, yaani umeme wa aina ya betri. Gusa waya mbili za mlango wa simu ya ndani, simu ikiwa imewekwa chini. Kwenye swichibodi ndogo utasoma kiasi cha volti 24 hadi 48, kutegemea mashine. Nyanyua mkono wa simu, volti zinashuka hadi chini ya 10 au karibu na hapo. Kushuka huko ndiko kunakoijulisha mashine kwamba mtu amenyanyua. Ukisoma sifuri, chomoa waya wa chumbani na upime mlango ukiwa mtupu. Volti zikirudi, waya za chumbani zimegusana mahali. Zisiporudi, mlango umekufa.

Laini ya nje ya shaba, ikiwa haitumiki, husoma karibu volti 48. Simu ikiita, hata hivyo, mlangoni hupita umeme wa volti 70 hadi 90 wa aina ile inayogeuka mbele na nyuma. Hauui mtu mzima mwenye afya, lakini unarusha mkono, na ukiwa juu ya ngazi mkono uliorushwa ni hatari tosha. Usishike waya tupu kwa vidole.

Kosa moja lisilo la kadi wala la waya linastahili kutajwa, maana limetupisha kadi nyingi. Laini ya nje inaonekana “imeshikwa” na hakuna anayeitumia. Ukizima na kuwasha mashine inapona, kesho inarudia. Hapa mtu wa nje ameshakata simu, lakini swichibodi haikupata habari. Kwenye laini za shaba habari hiyo huja kwa namna tofauti: kwa umeme kukatika kidogo, au kwa sauti ya tuu-tuu ambayo kadi lazima ifundishwe kuitambua. Hutokea zaidi ofisi inapoacha laini ya zamani na kuweka kile kisanduku cha laini ya simu ya mkononi kinachojifanya laini ya mezani. Kadi ni ile ile na ni nzima. Kinachobadilishwa ni mpangilio.

Kwa nini kadi hufa Unguja

Mshukiwa wa kwanza ni radi, na si lazima ikupige. Radi ikishuka mamia ya mita kutoka kwako, kila waya mrefu uliolala nje huamka na umeme wake. Hoteli za pwani, Nungwi, Kiwengwa, Paje, zimejengwa kwa vibanda vilivyotawanyika bustanini, na waya wa simu wa kila kibanda unapita chini ya mchanga au juu ya minazi. Kadi za kawaida za simu za ndani zimetengenezwa kwa waya unaokaa ndani ya jengo. Ukiutoa waya huo nje bila kinga mwanzoni na mwishoni mwake, umeifungulia radi mlango. Kinga zenyewe ni vifaa vidogo: kwa kawaida huzuia, volti zikipanda ghafla hufunguka na kuumwaga umeme ardhini kabla haujafika kwenye kadi.

Kuumwaga ardhini wapi, ndipo penye kazi. Waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini, huchomekwa kwa nondo ya shaba iliyopigiliwa kwenye udongo. Upande wa mashariki wa kisiwa ardhi ni maweni, jiwe la matumbawe lenye udongo kidogo juu yake, na nondo iliyokaa kwenye jiwe kavu haimwagi kitu. Pia nyumba nyingi zina ethi mbili zisizojuana: moja ya umeme wa ZECO, nyingine iliyopigiliwa na fundi wa simu. Radi ikija, upande mmoja unapanda volti kuliko mwingine, na njia fupi kati ya pande hizo mbili inapita katikati ya kadi. Ethi zote za jengo lazima ziunganishwe ziwe moja. Ni kazi ya nusu siku, na nasisitiza ifanywe na fundi umeme mwenye leseni.

Wa pili ni umeme wenyewe. Wazanzibari hawahitaji kukumbushwa mwaka 2008, kisiwa kilipokaa karibu mwezi mzima gizani baada ya njia ya umeme kutoka bara kuharibika, wala ile miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Njia hiyo ilikuwa ya tangu 1980. Mwaka 2013 ulizinduliwa waya mpya wa baharini wenye uwezo wa megawati 100, na hali ikawa nyingine. Lakini kukatika kwa dakika na saa kungalipo, na madhara kwa mashine hutokea zaidi umeme unaporudi kuliko unapokatika. Majokofu na viyoyozi vya mtaa mzima huwaka pamoja, volti zikayumba. Jenereta ndogo nazo huyumbisha. Swichibodi ikae nyuma ya UPS nzuri, ile yenye betri inayosawazisha umeme, na kama huna, izime umeme ukikatika na uiwashe baada ya kurudi na kutulia.

Wa tatu ndiye mpole na ndiye mharibifu zaidi: chumvi. Upepo wa kaskazi na wa kusi huleta chembe za maji ya bahari hadi madirishani, na chumvi ikishatua juu ya kadi haitulii. Inavuta unyevu kutoka hewani hata siku isiyo na mvua. Njia za shaba juu ya kadi zimeachana kwa milimita moja au pungufu, na moja ina volti kadhaa zaidi ya jirani yake. Unyevu wenye chumvi ukitandaza baina yao, umeme huanza kuvuja, na shaba ikaanza kuliwa upande mmoja na kujijenga upande wa pili. Dalili zake mwanzoni ni za kuchanganya: simu inalia yenyewe usiku, inapona asubuhi kiyoyozi kikiwashwa, mkwaruzo unakuja na kuondoka. Ukiifungua utaona ukungu mweupe au kijani miguuni mwa vipande.

Kampuni za simu ziliujua ulaji huu zamani. Ndiyo sababu volti 48 za laini ya simu huwekwa upande chanya ardhini na waya ukawa hasi: waya hasi ukiingia maji hauliwi haraka kama chanya. Waya wako wa ukutani umelindwa kidogo kwa hekima hiyo. Kadi, yenye chanya na hasi zilizokaa bega kwa bega, haina kinga ya namna hiyo.

Habari njema ni kwamba kadi iliyovamiwa na chumvi mapema inaweza kuokolewa. Isafishe kwa mswaki laini na spiriti safi isiyo na maji mengi, hasa miguu inayoingia kwenye tundu. Iache ikauke kabisa kabla ya kuirudisha. Usitumie maji ya bomba wala mafuta ya kulainishia bawaba. Ihamishe mashine kutoka dirishani na kutoka ukuta wa nje, maana ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji ya mvua na kuyatoa polepole. Iweke juu ya ubao, usawa wa kifua, na matundu ya hewa uyawekee wavu mwembamba. Wavu huo utazuia pia mende, sisimizi na mijusi, wanaopenda kisanduku kwa ajili ya joto lake.

Kwa ufupi: radi huua kadi kwa mpigo, aghlabu milango mingi pamoja. Umeme unaoyumba huanza na sehemu ya kupokelea umeme. Chumvi huua mlango mmoja mmoja, na kabla ya kuua hubabaisha.

Kadi ikithibitika imekufa

Ikiwa umepima yote haya na bado kadi ndiyo mkosaji, itazame mara ya mwisho kwa macho na pua. Harufu ya kuungua, alama nyeusi, kapasita iliyovimba kichwani: hizo ni sababu za kumpelekea fundi wa elektroniki mwenye lehemu na mkono mwepesi, kwani kapasita na vipande vya kinga hubadilishwa kwa gharama ndogo. Bamba lililotoboka au njia za shaba zilizoyeyuka, achana nalo.

Wakati unasubiri, usiiache ofisi kimya. Hesabu milango iliyo wazi kwenye kadi nyingine na uwahamishie walio muhimu: mapokezi, jikoni, mlinzi wa getini. Mhasibu ana simu ya mkononi, ataweza kusubiri.

Unaponunua, nakili namba kamili iliyopigwa chapa juu ya kadi, pamoja na herufi za mwisho. KX-TE82474 ni kadi ya simu nane za kawaida. KX-TE82483 ina laini tatu za nje na simu nane. Kwa muuzaji wa haraka zote ni “kadi ya Panasonic”. Panasonic yenyewe imeachana na biashara ya swichibodi, kwa hiyo kadi zilizopo sokoni zitazidi kuwa za mtumba. Mwombe muuzaji aichomeke kwenye mashine mbele ya mtu wako wa Dar es Salaam, apige simu kwenye milango yote minane, ndipo ifungwe kwenye ule mfuko wa kijivu unaozuia umeme tuli na kupandishwa boti.

Na ikiwa mashine imeshapoteza zaidi ya kadi moja, piga hesabu kubwa zaidi. Vipo visanduku vidogo vinavyoiwezesha simu ya zamani ya waya kutumia mtandao wa intaneti, na nyumba yenye waya nzuri za shaba inaweza kubaki na simu zake zile zile huku swichibodi mpya ikiwa ni programu ndani ya kompyuta. Asterisk, programu iliyoanzishwa na Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999, hutolewa bure na inafanya kazi hiyo. Si kila ofisi inaihitaji, na inataka mtu anayejua kompyuta awe karibu.

Siku ya kuchomeka kadi mpya, anza na simu yako nzima mlangoni kabla ya kurudisha waya wowote wa jengo. Ikilia, rudisha waya mmoja, jaribu, kisha wa pili. Wakati mwingine ni waya mmoja tu wa nane, ule unaopita nje kwenda kibanda cha mlinzi, ulioingiza radi na kuua milango saba iliyobaki. Ukirudisha wote kwa pamoja hutaujua. Na kadi ya pili ikifa kwenye tundu lile lile, usiagize ya tatu mpaka fundi umeme amepima ethi na kukuandikia kipimo chake; vitabu vingi vya mashine hizi hutaka kisizidi omu 10, na omu ni kipimo cha ugumu wa umeme kupita.